Naomba ushauri: makabati ya MDF yenye rangi ya kung'aa

Wakuu, habari zenu. Nina makabati ya jikoni ya MDF (mbao za nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi), meupe, yamepigwa rangi ya sprei inayong'aa. Mlango wa juu ya jiko umeshika mafuta ya kukaangia mpaka umekuwa wa njano na unanata. Dada anataka kuusugua kwa stilwaya. Nimemkatalia, mng'ao ukikwaruzika haurudi. Fundi naye anasema nipitishe thina, lakini si ndiyo inayoyeyusha rangi yenyewe? Kwa sasa nafuta kwa kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha nakausha hapohapo maana MDF ikinywa maji inavimba. Alama za vidole zinatoka, unjano umegoma. Mliofanikiwa mlitumia nini? Na kona ya chini karibu na sinki imeanza kuvimba: inazibika, au ni mlango mpya tu?