Kapeti iliyoitwa irudi, na lamineti inayosubiri kontena

Dada wa Lanet, Nakuru (sasa Minneapolis)

Hamjambo wapendwa. Duka la mtandaoni nililonunua kapeti ya sebuleni limeniandikia kwamba kapeti hiyo haikufaulu kipimo cha moto, niache kuitumia mara moja. Mwanzoni nilidhani ni matapeli. Pesa zangu nazidai vipi?

La pili: tulipotandaza sakafu ya lamineti (mbao nyembamba za unga wa mbao na gundi) zilibaki katoni kadhaa, nami nilitaka zipande kontena zikamalize chumba cha mama kule Lanet. Sasa mume wangu anasema kama kapeti ni mbovu basi na sakafu ni mbovu, ing'olewe yote. Nishaurini kabla hajashika nyundo.

Kaka wa Kisumu (Dallas, fundi wa sakafu)

Dada, mwambie shemeji aweke nyundo chini kwanza. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kapeti. Usibonyeze kiungo kilichokuja na barua pepe. Fungua cpsc.gov mwenyewe, utafute jina la kapeti. CPSC ndiyo tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za nyumbani, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Kila tangazo lao la bidhaa iliyoitwa irudi lina picha, nambari ya modeli, kipindi bidhaa ilipouzwa, na kile unachodai: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Kapeti inayoshika moto haina marekebisho, kwa hiyo mara nyingi ni pesa. Kwa kawaida utaambiwa uikate vipande, upige picha na uitume. Hapo watu wengi hukimbilia mkasi. Piga picha lebo iliyoshonwa nyuma ikiwa bado nzima, usome kampuni inataka nini kionekane kwenye picha, ndipo ukate. Risiti ikipotea, tafuta oda kwenye akaunti yako ya duka. Hiyo nayo ni ushahidi.

Usimpe jirani wala usiipeleke kanisani. Kuuza bidhaa iliyoitwa irudi ni kosa kwa sheria ya Marekani, hata ukiiuza uani kwako Jumamosi asubuhi.

Na tafadhali isije nyumbani. Kipimo chenyewe si kigumu hata kidogo. Wanachukua vipande vinane vya kapeti, wanaweka kidonge kidogo cha methenamini (kemikali inayowaka) katikati ya kila kipande ndani ya pete ya chuma, wanakiwasha. Weusi wa kuungua ukikaribia ukingo wa pete, kipande kimefeli. Saba kati ya vinane lazima vipite. Kapeti iliyoshindwa na kidonge itafanya nini ikidondokewa na kaa? Wewe una kengele ya moshi darini. Kwetu Nyalenda, Kisumu, jiko la makaa liko hatua mbili kutoka kwenye kochi.

Sasa lamineti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Hofu ya shemeji ina historia. Machi 2015 televisheni ya CBS ilionyesha kwamba lamineti iliyotengenezwa China na kuuzwa na Lumber Liquidators, kampuni ya maduka ya sakafu, ilikuwa ikitoa formaldehaidi kupita viwango vya California. Hiyo ni kemikali iliyo kwenye gundi inayoshika unga wa mbao katikati ya ubao. Huwasha macho na koo, na ukiivuta kwa muda mrefu ni hatari ya saratani. Mei mwaka huo kampuni ikaacha kuziuza. Hata wataalamu wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, walipopiga hesabu ya hatari walisahau kugeuza futi kuwa mita kwenye urefu wa dari, wakalazimika kuirudia Februari 2016. Makadirio ya wanaoweza kupata saratani yakapanda kutoka watu 2 hadi 9 kwa kila 100,000, yakawa 6 hadi 30.

Lakini sikiliza tume ya CPSC ilisema nini mwaka huohuo wa 2016. Haikusema mng'oe. Ilisema msing'oe kabla ya kupima hewa, kwa kuwa kung'oa kwenyewe kunaweza kuongeza formaldehaidi ndani ya nyumba. Kampuni ilitoa vipimo vya bure. Mwaka 2017 ikakubali kumaliza kesi za wateja kwa dola milioni 36, milioni 22 pesa taslimu na milioni 14 vocha za dukani kwake. Vocha! Umeuziwa sakafu usiyoiamini, unalipwa kwa kununua nyingine palepale. Agosti 2024 kampuni hiyo, ikiitwa LL Flooring, ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ukiona tangazo dai mapema. Tangazo litabaki mtandaoni hata kampuni ikifa.

Kwa katoni zako, tazama ubavuni. Bidhaa za miaka ya karibuni zinatakiwa kuandikwa "TSCA Title VI", yaani zimetimiza kiwango cha taifa kilichoanza kutumika Juni 2018. Hamna maandishi hayo, usipakie. Yakiwepo, kumbuka formaldehaidi hutoka zaidi joto na unyevu vikipanda. Lanet kuna baridi, afadhali. Anayepeleka Kisumu, karibu na ziwa, aache madirisha wazi wiki za mwanzo, na ubao uepushwe maji ya kudeki kabisa, la sivyo utavimba kwenye maungio.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: haki ya kurudishiwa haipandi kontena. Kampuni ya hapa itakuuliza bidhaa iko wapi, na wengine hukataa kushughulikia kitu kilichotoka nje ya nchi. Piga picha za lebo, nambari ya bechi na risiti kabla mlango wa kontena haujafungwa.

Walio Uingereza wana njia yao. Consumer Rights Act ya 2015 inakupa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kudai pesa zote. Baada ya hapo ni kurekebishiwa au kubadilishiwa kwanza. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, hadi 30,000, benki nayo inawajibika.

Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kisumu

Wanangu, msituone huku kama jalala. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, ya usalama, na ya fidia akiumia, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tatizo ni kwamba mtu ananunua ule mkeka wa plastiki wenye sura ya mbao kwenye simu, analipa kwa M-Pesa, muuzaji anabadilisha laini, amekwisha. Namdai nani?

Kwa hiyo nunueni penye mlango. Tafuteni alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, mtume nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 muone kama ni ya kweli. Mwambieni mwenye duka aandike kwenye risiti jina la bidhaa, si "carpet 1" tu. Akigoma kurudisha pesa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, Kisumu na Nakuru pia, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Lakini anayefungua dai awe na risiti yenye jina lake. Kama wewe uko ng'ambo na mama ndiye aliyepo, risiti iandikwe jina la mama.

Dada wa Lanet

Asanteni sana, na asante mama. Kapeti nimeiona kwenye tovuti ya tume, ni pesa, nimetuma picha ya lebo na sijakata kitu. Katoni zote zina TSCA Title VI isipokuwa moja yenye lebo iliyochanika, hiyo inabaki. Shemeji yenu amerudisha nyundo gereji ila anataka kipimo cha hewa, na mimi sikatai. Kontena la mwezi ujao linapakia wapi?