Mjadala: Je, Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) zenye watoto wachache hapa Webuye, Kenya, ziunganishwe?

Mwalimu mmoja ametangulia kusema hapa kwamba shule zetu za umma zinapoteza watoto kwa sababu ya matokeo mabaya, na matokeo yakipanda watarudi. Kwa heshima zote, mwalimu, mimi naona matokeo hayo yana chanzo, na chanzo chenyewe ni uchache wa watoto.

Serikali hutenga Sh15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi. Shule yenye watoto 60, Gredi ya 7 hadi ya 9, inastahili Sh902,520, tena zikifika zote na kwa wakati. Yenye watoto 400 inapita milioni sita. Bei ya vifaa vya maabara ni ileile kwa zote mbili. Mzazi akimhamishia mwanawe akademi, yaani shule ya binafsi, mgao wake unapotea na waliobaki wanazidi kubanwa.

Walimu nao? Masomo ni tisa. Shule ndogo ikipata walimu watatu, kila mmoja anabeba masomo ambayo hakuyasomea. Juzi nilipekua daftari la sayansi la mpwa wangu wa Gredi ya 7. Somo la asidi na besi limeandikwa kwa mwandiko safi, na karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na besi, amezichora akazipaka kalamu ya rangi, moja nyekundu, moja buluu. Nikamuuliza ile ya buluu waliichovya ndani ya nini. Hawajawahi kuishika. Mwalimu wao, aliyesomea Kiswahili na Dini, aliwachorea ubaoni kwa sababu hana kingine cha kuwaonyesha.

Mtoto huyo atakalia KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 ulioanza 2025 na unaobeba asilimia 60 ya alama za kumpeleka Gredi ya 10. Huko ndiko anaingia mkondo, yaani njia ya masomo, aliouchagua akiwa Gredi ya 9. Atauombaje mkondo wa sayansi?

Ndiyo maana naunga mkono kuunganisha Gredi ya 7 hadi ya 9 za shule jirani. Wadogo wabaki walipo.

Najua mtanijibu kuhusu umbali, na hapo mna haki kabisa. Msichana wa miaka 13 kutembea alfajiri kwenye matope ya Aprili si jambo la kupuuzwa, na nauli ya boda kila siku wengi wetu hatuna. Basi tuanze mjini tu, ambako shule mbili tatu zinaonana. Vijijini zibaki, ila zigawane mwalimu wa sayansi kwa zamu. Suala la walimu wakuu na makanisa yaliyodhamini shule kutotaka kuachia watoto, hilo halinishughulishi sana. Shule ni za watoto.

Mwalimu, kama unayo njia nyingine ya kuwapatia watoto 60 maabara na mwalimu wa sayansi mwaka huu, iweke hapa tuijadili.