Magari ya F2: tuendelee na kiwanda kimoja, au kila fundi arudi na lake?

Mzee wa Gia
Wakuu salaam. Tangu juzi nabishana na kijana wangu hapa nyumbani, nikaona jambo lenyewe nililete kwenu. Tunaofuatilia langalanga tunajua F2 (Formula 2) ndiyo ngazi ya mwisho kabla ya F1 (Formula 1). Sasa tazameni ngazi yenyewe imejengwaje.

1985 ilipoanza F3000, ngazi hiyohiyo kwa jina la wakati ule, wengi walifunga ile injini ya Cosworth ya lita 3 iliyokwisha kustaafu F1, ikawekewa kikomo cha mizunguko 9,000 kwa dakika. Bodi unachagua mwenyewe: March, Lola, Ralt. 1988 akaingia Reynard, na siku yake ya kwanza tu, Jerez, Johnny Herbert akashinda nayo. 1996 wakafuta yote hayo. Bodi Lola, injini Zytek, tairi Avon, mtaka na asiyetaka. 2005 ikawa GP2, bodi Dallara, injini Renault V8 ya lita 4. 2017 jina likawa F2, mwaka uliofuata ikaja V6 ya turbo ya lita 3.4 kutoka Mecachrome, nguvu za farasi 620. 2024 Dallara huyohuyo akatoa gari jipya tena.

Yaani tangu 2005 kiwanda kimoja cha Italia kinashona sare, timu zinachagua rangi ya stika. Mimi nasema tumeua shule ya mafundi. Adrian Newey, huyu mbunifu wa magari ya F1 mnayemwimba, alipitia March miaka ya 1980 mwanzoni, akiwa injinia wa dereva Johnny Cecotto kwenye F2 ya zamani. Leo Newey mdogo atajifunzia wapi, kwenye gari asiloruhusiwa kuligusa?

Na kama haitoshi, 2018 wakaweka halo, ile kandambili ya chuma juu ya kichwa cha dereva. Gari limekuwa kitanda cha mtoto, lina vyuma vya kuzuia asidondoke. Karibuni.

Kigoda
Nakaa hapa. Kahawa ipo, kashata ipo. Ngoja waje wajuvi.

Binti Chalinze
Mzee wa Gia shikamoo, lakini hilo la kitanda cha mtoto litoe. Mei 2018, Barcelona, miezi michache tu baada ya hiyo "kandambili" kufungwa: gari la Nirei Fukuzumi lilipanda juu ya gari la Tadasuke Makino. Baada ya mbio halo ilikuwa na alama nyeusi ya tairi, pale pale ambapo bila chuma hicho pangekuwa kichwa cha Makino. Silverstone 2022, gari la Dennis Hauger liliruka kwenye ukingo likamtua Roy Nissany, tena juu ya halo. Wote wawili walitoka kwa miguu yao.

Sasa huyo mtoto wa kitandani ungemtoa na koleo?

Yakhe wa Mjini
Mie nna suala moja tu. Kandambili ndio nini? Chombo kile ni malapa. Kina ukanda wa mbele baina ya vidole, ukagawika kushoto na kulia. Malapa matupu.

Mkenya Halisi
Malapa ni ya wapi tena? Hiyo ni patipati. Huku hata mtoto wa chekechea anajua.

Fundi Gerezani
Ndala. Basi. Tusonge mbele.

Yakhe wa Mjini
Hatusongi. Nyie watu wa bara kila kitu mnakipa jina la dukani.

Mzee wa Gia
Marahaba binti. Naona umekurupuka na koleo. Sikusema dereva afe. Nimesema gari limenenepa, na dereva wa leo halitawali, linambeba. Halo ni mfano tu. Hoja yangu ni kiwanda kimoja, sikuona ukiijibu.

Binti Chalinze
Wewe ndiye uliyeleta mfano, mzee. Mwenye mbwa ndiye anayeulizwa kuhusu mbwa.

Lami Tupu
Anayelilia magari ya zamani atafute picha za Brands Hatch, Agosti 1988. Huyo huyo Johnny Herbert aliyetajwa hapo juu kwa ushindi wa Jerez. Reynard yake ilipiga kingo, pua ikakatika, na gari likaendelea kuteleza huku miguu ya dereva ikiwa nje inaning'inia. Magari yale vidole vya dereva vilikuwa mbele kabisa, unakaa kama umelala kwenye mtumbwi na nyayo ndizo bampa. Machi 1989 akarudi, F1, Brazil, ndani ya Benetton, akiwa hata kutembea ni shida, akamaliza wa 4. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Mimi huwa najiuliza kwa nini mtu alihitaji ushujaa wa namna hiyo akiwa bado kwenye ngazi ya wanafunzi.

Dogo Turbo
GP2 ndiyo ilikuwa tamu. V8 ile ikilia unaisikia mpaka kifuani. Hamilton alichukua ubingwa wa kwanza kabisa 2005 akiwa na gari sawa na la wenzake, akawanyoosha. Hapo ndipo unajua nani mwanaume.

Kigoda
2005 alichukua Nico Rosberg. Hamilton ni 2006.

Dogo Turbo
Sawa, 2006. Hoja inabaki palepale.

Kigoda
Hoja imebaki, bingwa wa kwanza ndiye kahama.

Fundi Gerezani
Wakuu mimi ni fundi, nitasema ya fundi. Ubaya wa gari moja kwa wote ni kwamba ugonjwa nao unakuwa mmoja kwa wote. 2018 gari jipya lilikuwa na shida ya kuondoka. Taa zinazimika, dereva anaachia klachi, gari linazima. Si la mtu mmoja, leo la huyu kesho la yule, na walio nyuma wanakuja na turbo imeshaamka. Pale Austria na Silverstone ikabidi waanzishe mbio magari yakiwa yanatembea, kama msafara wa harusi, kwa sababu kusimama kwenye mstari ilikuwa hatari.

Ingekuwa kila timu na giaboksi yake, mmoja angeshapata dawa, wengine wakaiga. Hapa hata ukijua dawa huruhusiwi kufungua. Unaandika barua kiwandani. Niliwahi kufanya kazi sehemu ya namna hiyo, gari la mteja limelala wiki tatu, spea ninayo mkononi, lakini mpaka ruhusa itoke juu. Mteja anakuja kila asubuhi na suti anakuta nimekaa. Sitaitaja.

Nusu Tenki
Fundi umeongea, ila Mzee wa Gia nikuulize. Hiyo "kila mtu na lake" si ilijiua yenyewe? Kufikia 1994 karibu uwanja mzima ulikuwa umejaa Reynard. March alishakwisha, Ralt alishamezwa. Inavyotokea ni rahisi: bodi fulani ikiwa na kasi kuliko yako, huwezi kuitengeneza yako ikaifikia, huna chombo cha kupimia upepo. Unaiuza kwa hasara, unakwenda kupanga foleni kwa mwenye kasi. Soko lenyewe lilichagua kiwanda kimoja, tena kwa bei anayotaka yeye. 1996 walichofanya ni kuandika kwenye karatasi kitu kilichokuwepo tayari, na angalau bei wakaijua mapema. Na Reynard mwenyewe pamoja na ushindi wote ule alifilisika 2002.

Tofauti ni moja. Zamani baba akikosea kununua gari, mtoto kaisha. Siku hizi baba analipa tu, gari ni lilelile.

Mkenya Halisi
Asante kwa kulisema. BABA ANALIPA TU. Mimi mbio hizi niliziacha zamani kwa sababu hiyo. Ni watoto wa matajiri wanazungushana kwenye lami laini. Njoo Naivasha wiki ya Safari Rally uone vumbi la fesh-fesh limejaa hadi ndani ya rejeta, tairi limepasuka, dereva na msaidizi wake wanalibadilisha wenyewe kwa dakika mbili. Tangu 2021 tumerudi kwenye kalenda ya dunia, na huko baba yako hakusaidii.

Dogo Turbo
Baba wa Hamilton alikuwa anafanya kazi zaidi ya moja ili mtoto aendeshe vigari vya go-kart. Wazazi wa Esteban Ocon waliuza nyumba wakahamia kwenye karavani. Hao ni matajiri?

Mkenya Halisi
Aliyeuza nyumba alikuwa na nyumba ya kuuza.

Dogo Turbo
Kwa hiyo na wewe mwenye simu ya kuandikia hapa ni tajiri?

Mkenya Halisi
Simu ni ya mkopo, nalipa kila siku. Mdomo chunga.

Nusu Tenki
Jamani, mimi nilizungumzia soko la bodi. Hakuna aliyeona aya nzima?

Binti Chalinze
Niliiona. Ila hilo neno la baba limenikera na mimi. Mnaandika "watoto wa matajiri" kama vile wanacheza karata. Niwakumbushe Jumamosi moja.

Tarehe 31 Agosti 2019. Nilikuwa saluni kwa shoga yangu, nimeomba aweke chaneli ya mbio huku ananisuka, mteja mwingine ananuna anataka tamthilia. Spa, Ubelgiji. Mzunguko wa pili, pale wanapopanda mlima baada ya kona ya Eau Rouge. Ghafla wakaonyesha bendera nyekundu, halafu kamera ikakataa kuonyesha. Hakuna marudio. Ukiona mbio hawarudii ajali, ujue. Mikono ya shoga yangu ikasimama kichwani kwangu na yeye hata hajui F2 ni nini. Anthoine Hubert, miaka 22. Juan Manuel Correa alivunjika miguu vibaya, na baadaye akarudi kuendesha. Kesho yake Charles Leclerc akashinda mbio zake za kwanza za F1 palepale, akamtolea rafiki yake ushindi, hakushangilia.

Halo ilikuwepo. Haikusaidia, kwa sababu gari la Hubert lilipigwa ubavuni. Kwa hiyo mzee, hata mimi sisemi kandambili inamaliza yote.

Mzee wa Gia
Binti, hapo umeninyamazisha. Siku hiyo naikumbuka, nilizima televisheni nikatoka nje nikawa namwagilia maua usiku. Neno la kitanda nalifuta.

Ila niruhusu niulize kwa heshima: kama ubavu wa gari ni dhaifu, viwanda vitatu vinavyoshindana visingeleta mawazo matatu?

Nusu Tenki
Vingeleta matatu, mawili yangekuwa na ubavu mwembamba zaidi kwa sababu ndio mwepesi. Anayeshindana na saa hapunguzi kasi ili akuongezee kaboni ubavuni, labda alazimishwe. Na kiwanda kikiwa kimoja, ukikuta dosari unaagiza magari yote yarekebishwe kwa waraka mmoja.

Fundi Gerezani
Waraka mmoja ule ule ambao klachi ilisubiri mpaka Julai.

Lami Tupu
Fundi ana kinyongo na huo waraka hahaha.

Mgeni Kigali
Samahani nachelewa. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza hapa Kigali, mbele ya wakuu wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kwamba Rwanda inaomba F1. Ikija, F2 nayo itakuja? Maana mimi bila uongo naweza kumudu tiketi ya Ijumaa ya wadogo, si ya Jumapili.

Kigoda
F2 haiendi kila mahali F1 inapokwenda. Mwaka 2025 kalenda yao ilikuwa raundi 14, F1 walikuwa na 24.

Mkenya Halisi
Kigali? Na sisi wenye historia ya mbio tangu 1953 tunakaa wapi?

Mgeni Kigali
Mnakaa Naivasha, na vumbi lenu.

Mkenya Halisi
Haya. Vita imeanza.

Dogo Turbo
Mbona hata Kyalami bado haijarudi na ilishawahi kuwa na F1 mpaka 1993. Afrika Kusini wana kiwanja, wana historia, na bado wanapigwa danadana. Nyie mnagombania mgeni ambaye hajapanda ndege.

Mgeni Kigali
Kuomba si kugombania. Mpaka sasa Afrika nzima hatuna hata mbio moja kwenye kalenda ya F1, sisi tumeuliza, wengine mmekaa mnahesabu miaka.

Mkenya Halisi
Tumehesabu kwa sababu tunayo ya kuhesabu.

Mzee wa Gia
Naomba turudi kwenye mada. Nimeongea na kijana wangu tena, ameniambia kitu. Japan kwenye Super Formula bodi ni moja, Dallara huyohuyo, lakini injini mbili, Honda na Toyota wanapigana humo ndani. Hiyo nusu kwa nusu mnaionaje? Bodi ya usalama iwe ya wote, moyo wa gari waachiwe mafundi.

Nusu Tenki
Hapo sasa. Hilo naweza kulisikiliza. Ila Honda na Toyota ni viwanda vyenye fedha zao na soko lao pale nyumbani. Huku Ulaya nani atagharimia injini ya ngazi ya pili ambayo watu wanaitazama wakisubiri ya kwanza? Renault mwenyewe alipomaliza mambo yake, jina likabaki Mecachrome, ambaye ndiye alikuwa anaziunda tangu mwanzo.

Fundi Gerezani
Wanipe mimi. Nitaunda.

Yakhe wa Mjini
Utaitia klachi ya Fuso.

Fundi Gerezani
Klachi ya Fuso ingewasha magari yote 20 pale Austria, wala usicheke. Nakuja, kuna lori la mchanga limezima hapa getini limeziba njia, na mwenye duka la jirani ameshaanza kupiga kelele.