Fundi saa katoboa masikio ya Seiko yangu kwa drili ya mkono bila kuniuliza, na bado ananidai hela ya kutoboa!

Wakuu, habari za jioni.

Nina hasira na sitazificha. Nilipeleka Seiko 5 yangu, ile SNK809 nyeusi ya milimita 37, kwa fundi mmoja Kariakoo. Jina simtaji na mtaa siutaji. Kazi zilikuwa mbili: abadilishe mkanda, na kwa kuwa saa ilikuwa inakimbia kidogo, afungue nyuma aipunguze mwendo. Pini moja ya mkanda ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, na hilo nilimwonyesha mwenyewe kwa kidole. Akasema niiache, nipitie jioni.

Jioni nakuta masikio yote manne yametobolewa. Masikio nina maana ya zile pembe zinazobana mkanda. Saa hii kiwandani hutoka na vishimo vya upande wa ndani tu, ncha ya pini inaingia mle na nje huoni kitu. Sasa ina matundu manne yanayotazama nje, na hakuna mawili yanayolingana. Moja liko juu, mwenzake wa ng'ambo yuko chini. Pini imekaa mshazari, mkanda nao umelala upande. Yaani ukiivaa unaona kabisa saa inaangalia kiwiko.

Jamaa wala hakushtuka. "Bosi, nimekurahisishia, sasa hivi hata kwa sindano unatoa pini mwenyewe. Saa zote za bei zina matundu." Kisha akataja hela ya kutoboa, juu ya ile tuliyopatana.

Hiyo hoja ya saa za bei ndiyo iliyonichoma, kwa sababu ndani yake kuna ukweli kidogo anaoutumia kufunika uharibifu. Ni kweli Rolex Submariner za zamani zina matundu yanayotokea nje, mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 walipoanza kuyaacha. Ni kweli pia wapo watu wanaotoboa Seiko zao kwa hiari, maana kubadilisha mkanda kunakuwa rahisi na bodi, yaani gamba la chuma la saa, halichunwi. Mimi sipingi kutoboa. Lakini kiwandani linatobolewa bodi tupu, limebanwa imara, kabla ya kumaliziwa sura yake. Na anayefanya nyumbani kwa akili anatoa kwanza mashine ya saa, uso, kioo na mipira yote ya kuzuia maji. Anapima kishimo cha ndani kwa kalipa, anahamishia kipimo nje, anaweka alama kwa panchi ili biti isiteleze kwenye ule mviringo. Anatumia drili ya mezani, biti ya kobalti, mafuta ya kukatia, mwendo wa taratibu na mkandamizo usiokatika. Stenlesi ukiisugua kwa kasi badala ya kuikata, inazidi kuwa ngumu pale pale, biti inahama au inakatikia ndani. Mafundi vyuma humu wanalijua hili vizuri kuliko mimi.

Huyu kashika saa mkononi, na mashine ya saa ikiwa ndani! Alama za biti kuteleza zipo, mikwaruzo mitatu mirefu kwenye sikio la kushoto. Na bodi la SNK809 si la kung'aa useme utalipiga polishi. Limepigwa mchanga, lina ule ukungu wake, kwa hiyo kuufuta mkwaruzo mmoja inabidi bodi zima lipigwe mchanga upya. Nani anaifanya kazi hiyo hapa mjini kwa kitu kidogo namna hii?

Kibaya zaidi ni ukubwa wa tundu. Ncha ya pini hizi ni kama milimita 1. Yeye katumia biti ya 1.5, nimepima mwenyewe. Pini inacheza. Ukigonga mkono kwenye kiti cha daladala inaweza kuchomoka, saa ikaishia barabarani.

Kisha tazameni mgongo wa saa. Hii ina kioo nyuma, unaona rota ikizunguka, kile kipande kizito kinachojaza saa mkono ukitikisika. Kuna kipisi cha chuma kinang'aa pembeni ya rota, kikihama kila ninapoigeuza saa. Maana yake alitoboa masikio huku mgongo ukiwa wazi, au alifunga bila kusafisha. Kipisi hicho kikiingia kwenye meno ya magurudumu, mashine ya saa hii, 7S26, inasimama. Nimeivua na siivai tena mpaka ifunguliwe.

Na yote haya kwa pini moja yenye kutu! Mkanda ulikuwa wa kutupa, angeukata, akaikata pini katikati, vipande viwili vikatolewa kwa koleo. Au angeweka mafuta ya kulegeza kutu yakalala usiku kucha. Au angenipigia simu, namba aliandika mwenyewe kwenye kikaratasi cha kupokelea. Sikuomba miujiza, niliomba aulize kabla ya kugusa kitu kisichorudishika. Pini ya upande wa pili haikuwa na tatizo lolote, masikio yake katoboa ya nini?

Nimelipa ya mkanda na ya mwendo, ya kutoboa nimekataa. Nilipomwambia anifidie bodi akajibu, "Si inatembea?" Vijana wake wakacheka.

Sasa naomba msaada wa kweli, wakuu. Kuna mtu Dar au Arusha mwenye mashine ya kuchomelea kwa leza, ya masonara, anayeweza kuziba matundu haya na kutoboa upya kwa kipimo? Kama haiwezekani, nani anauza pini za milimita 18 zenye ncha nene, au zile za skrubu zinazopita upande hadi upande? Na mwenye bodi tupu la SNK809 aje PM, hata likiwa limechoka, mradi masikio yawe mazima.