MREJESHO: Barua za FidoNet kupitia intaneti, pakiti zinafika lakini hazifunguliwi

Ndugu zangu, nawashukuru wote mlionijibu. Niliuliza kwa nini programu ya binkd, inayosafirisha barua za FidoNet (mtandao wa mbao za matangazo za kompyuta) kupitia intaneti, inaonyesha kwamba imepokea pakiti, yaani mafaili yaliyofungasha barua, kutoka nodi ya juu (kompyuta inayonigawia barua), ilhali kwenye ubao wangu wa matangazo haionekani barua hata moja.

Aliyenishauri nitazame saraka (folda) ya pili ya mapokezi ndiye aliyelenga penyewe. Kati yangu na mwenye nodi ile hapakuwa na nenosiri tulilokubaliana, hivyo kila kikao kilihesabika kuwa kisicho na ulinzi, na mafaili yote yenye mkia wa .pkt yakawa yanarundikwa katika saraka ya wasioaminika, ambayo programu ya kugawa barua haiigusi kabisa. Tumeandika nenosiri moja pande zote mbili, na kikao kilichofuata kilileta barua mahali pake.

Kuhusu ushauri wa kufungua kwenye ruta mlango namba 24554, ambao binkd hupokelea miunganisho kutoka nje, sikuhitaji. Nikiunganisha mimi, barua zinazonisubiri kule hushuka wakati uleule zangu zinapopanda, kwa kuwa itifaki ya binkp (kanuni za mawasiliano zinazotumiwa na binkd) hutuma na kupokea kwa pamoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoizidi mbali simu ya modemu, iliyowalazimu watu wa mtandao huu, ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, kupanga kompyuta zao zipigiane usiku wa manane kukwepa gharama.

Zile pakiti za zamani nimezihamisha kwa mkono, nazo zimesomeka.