Tupeane uzoefu: vioo vya CO2 kwenye tangi la samaki lenye mimea, nani hajawahi kuvunja?

Mzee wa Tangi (Chumbageni)
Wadau salama? Leo asubuhi nimevunja difyuza (kile kioo cha kutawanyia gesi ya CO2 majini iwe mapovu madogo ya kulisha mimea) ya pili ndani ya miezi mitatu, na wala haikudondoka, imevunjikia mkononi. Nilikuwa naitoa niisafishe mwani, nikashika kile kikombe cha chini nikavuta mpira wa gesi, mpira wenyewe upo toka mwaka jana umekakamaa kama mzizi, mara kach! kikombe mkono huu, shingo imebaki kwenye mpira mkono huu, na damu kwenye dole gumba. Wife akauliza ile ndo ilikuwa shingapi, nikamwambia hiyo ya bei chee tu (nimedanganya). Yaani hivi vioo ndo Tanga yenyewe, waja leo waondoka leo. Haya leteni zenu, mlivunjaje na sasa hivi mnafanyaje.

Kambale Mdogo
Pole sana kaka. Mpira uliokakamaa hauvutwi, unachanwa. Mi nachukua wembe nakata mpira juu kidogo ya pale kioo kinapoishia, halafu kile kipande kilichobaki nakichana kwa urefu polepole kinafunguka chenyewe, mpira ni hela ya maandazi, kioo siyo. Kurudishia naichovya ncha ya mpira kwenye kikombe cha maji ya moto sekunde kama 20, mpira tu, kioo kikae pembeni, unalainika unaingia bila ubishi. Na ushike shingo yenyewe karibu kabisa na mpira, ukishika kule kwenye kikombe kile kimkono kirefu kinageuka mtaimbo, lazima kikatike.

Umm Gapi (Ngamiani)
Mie yangu hata nyumbani haikufika. Niliagiza Dar seti nzima, difyuza, kihesabu mapovu na zile paipu za kioo za filta zenye mdomo kama yungiyungi, nafika stendi ya Kange kuchukua mzigo nalitikisa boksi linalia njuga, kumbe muuzaji kazungushia gazeti moja tu. Mara ya pili nikamwambia kila kipande akitie kwenye chupa tupu ya maji iliyokatwa, ajaze sponji humo. Zikafika nzima alhamdulillah, wiki mbili baadaye nikaivunja paipu mwenyewe, brashi ya waya imekwama kwenye kona nami nikailazimisha. Sina wa kumlaumu hapo 😂

dogo_mimea
Mi sina mtungi wa gesi, naitengeneza kwa hamira na sukari kwenye chupa ya soda lita moja na nusu. Mwezi wa pili na joto la huku mnalijua, mapovu yakakata, nikajua hamira imekufa nikaongeza, kumbe ile sahani nyeupe ya difyuza imeziba mwani gesi haina pa kutokea. Saa tisa usiku PAA! mpira umechomoka, povu la hamira mpaka kwenye pazia, difyuza imejipiga kwenye jiwe vipande. Bibi kaamka anasoma Ayatul Kursiy. Siku hizi mapovu yakipungua naangalia sahani kwanza, hamira baadaye.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, sahani hiyo haisuguliwi, ukiisugua unaiharibu vitundu. Loweka kwenye maji na jiki mpaka irudi nyeupe, suuza vya kutosha, kisha iache kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini kabla haijarudi kwa samaki. Na msije mkachanganya jiki na siki kwa kutaka ving'ae haraka, mie nilifanya hivyo nikatoka jikoni nakohoa machozi yananitoka, ile ni gesi ya sumu. Jambo jingine ni vile vimpira vya kunatishia vioo kwenye tangi, vikizeeka vinakuwa vigumu. Usivute kwa kushika kioo, ingiza ukucha ukingoni hewa ipite, kitaachia.

Kambale Mdogo
Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye vimpira umenigusa, kile kiputo cha kupimia rangi (cha kioo, maji yake yanabadilika rangi kuonyesha gesi imetosha au la) kiliniachia kikadondokea jiwe, nikakaa wiki naongeza gesi kwa kubahatisha mpaka nikakuta samaki wote wako juu wanahema.

Chuma Chakavu
Mi nishahamia ya chuma. Inadondoka naiokota, maisha yanaendelea.

Umm Gapi (Ngamiani)
Ya chuma haina raha kaka angu, mie nataka niyaone mapovu yanavyotoka. Tena kwenye kioo uchafu unauona mapema.

Chuma Chakavu
Sawa dada, nawe endelea kwenda Kange.

Mzee wa Tangi (Chumbageni)
😂😂 Marahaba kwa wote, na mwalimu shikamoo. Nimepata nyingine jioni hii, nimefanya ya wembe na maji ya moto, mpira umeingia laini mpaka nikaogopa. Nimefungua gesi povu moja kwa sekunde. Kiputo cha rangi bado bluu, najua kinachelewa saa moja mbili kugeuka kijani, basi nimevuta stuli nipo hapa nakiangalia na wife ananiangalia mimi.