Tupeane uzoefu: Beryl Markham wa Njoro na yale ambayo West with the Night imeyanyamazia

Msomaji_Njoro
Habari za jioni wapendwa. Kitabu hiki, kumbukumbu za Beryl Markham, rubani na mkufunzi wa farasi aliyekulia Njoro, tunakipenda huku kwetu kwa sababu kinataja mahali tunapopajua kwa miguu: Njoro, Molo, ukingo wa Mau. Kilitoka 1942, kikasahaulika, kikachapishwa upya Marekani 1983 mwenyewe akiwa hai Nairobi. Alifariki 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Sasa, kisome mwanzo hadi mwisho: hutakuta mume hata mmoja. Aliolewa mara tatu. Hutakuta mtoto. Alimzaa Gervase Februari 1929. Mama yake, aliyerudi Uingereza binti akiwa mdogo sana na kumwachia baba, hana nafasi humo.

Naomba tupeane uzoefu wa kukisoma kitabu cha namna hii, kila mtu kwa fani yake: nyaraka, lugha, farasi, ndege. Habari za "mimi nilikipata wapi" tuziweke kando. Tulete kinachoweza kupimwa.

Karani_wa_Nyaraka
Ahsante kwa kuanzisha. Chukua daftari, piga mstari katikati. Kushoto andika kinachosemwa na kitabu, kulia andika tarehe zinazojulikana. Usichanganye safu hizo mbili hata kama unaamini unakumbuka.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida yake. Kushoto: baba yake, Charles Clutterbuck, anafilisika, anakwenda Peru. Binti anampanda farasi wake Pegasus na kupandia Molo akiwa na mizigo ya tandikoni tu, kuanza kazi ya kufunza farasi wa mbio. Ni msichana peke yake duniani. Kulia: 15 Oktoba 1919, siku 11 kabla hajatimiza miaka 17, aliolewa na Jock Purves, mwenye shamba hapo hapo Njoro. Kwa hiyo anayepanda Molo ni mke wa mtu. Safari yenyewe sina shaka nayo. Kilichoondolewa ni nyumba aliyoiacha nyuma.

Kosa linalowarudisha watu mikono mitupu ni jina. Mkitafuta "Clutterbuck" kwenye Gazeti Rasmi la Kenya la miaka ya 1920 mtampata baba, si binti. Mwanamke aliyeolewa aliandikwa kwa jina la mumewe, mara nyingi bila jina lake la kwanza. Tafuta "Mrs. Purves" kuanzia mwishoni mwa 1919, halafu "Markham" kuanzia 1927, alipoolewa na Mansfield Markham. Jina la mume wa tatu, Raoul Schumacher, halikushika, vitabu vyote ni Markham. Na ukisoma nakala zilizopigwa picha, kumbuka mashine husoma herufi vibaya: jaribu "Purvis" pia, na "Clutterbuch".

Mwalimu_Bureti
Upande wa lugha kuna mengi. Rafiki yake wa utotoni anaitwa Kibii, na baada ya jando anakuwa arap Ruta. Baba yake Kibii ni arap Maina. Wasomaji wengi wanauliza kwa nini baba na mwana hawana jina moja. Hakuna kosa hapo. Kwa Wakipsigis na Wanandi, kijana akishatahiriwa huchukua "arap" pamoja na jina la utotoni la baba yake, likiondolewa kiambishi Kip. Arap Maina ni jina la mtu mzima. Jina lake la utotoni, tukihesabu kurudi nyuma, lingekuwa Kipruto, yaani aliyezaliwa safarini au wageni wakiwapo. Mwanawe basi ni arap Ruto, na sikio la Kizungu likaandika Ruta.

Jambo la pili: kitabu kinawaita Wanandi, ilhali majirani wa shamba la Njoro walikuwa hasa Wakipsigis, ambao serikali ya wakati ule iliwaita Lumbwa. Na neno "murani" analolitumia ni la Kimaasai lililopitia Kiswahili. Kikwetu ni *muren*, wengi *murenik*. Makosa madogo ya namna hii yananifanya niamini kwamba kumbukumbu ni zake. Wapo wanaodai kitabu kiliandikwa na mumewe Schumacher, lakini mtu wa California anayetunga angeuliza mtaalamu, akapata neno sahihi.

Akinyi_Milimani
Mwalimu, niongezee moja. Anayekesha bandani akisoma Biblia kwa taa ni Otieno. Kwetu Otieno ni aliyezaliwa usiku. Mwandishi haelezi, labda hakujua, lakini msomaji wa Kisumu anatabasamu.

Daktari_wa_Mifugo_Molo
Sura ya kuzaliwa kwa Pegasus isomeni mkiwa na saa mkononi. Farasi jike hubeba mimba siku 340 hivi. Maji yakishapasuka, mtoto anatakiwa awe nje ndani ya dakika 20 hadi 30, si kama ng'ombe ambaye unaweza kumsubiri. Kwanza unatokea utando mweupe unaong'aa, ndani yake kwato mbili za mbele, moja imetangulia kidogo, na pua imelala juu ya miguu. Ukiona badala yake utando mwekundu kama mahameli, kondo limebanduka mapema na mtoto hapati hewa. Pasua hapo hapo, usingoje simu ya daktari. Akishatoka: asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Likichelewa usilivute. Kipande kikikatikia ndani huleta homa, na homa hiyo hushukia kwatoni, farasi akawa kilema.

Kuna pia farasi Wise Child, aliyeshinda mbio za St Leger ya Kenya 1926 akiwa na kano mbovu. Kano inayochanika ni ile ya nyuma ya mguu wa mbele, kati ya goti na kifundo. Ipapase kwa kiganja: joto na uvimbe uliojipinda kama upinde. Siku za mwanzo ni maji baridi dakika 20, mara kadhaa kwa siku, na mapumziko. Mtego ni kwamba maumivu huisha baada ya wiki chache, lakini kano yenyewe hutaka miezi 9 hadi 12, na hata ikipona ni kovu, haivutiki kama zamani. Kitabu kinampa mkufunzi wiki chache tu. Ndiyo maana hofu yake mbio zikikaribia kwisha ni ya kweli kabisa kwa anayejua.

Nimeyaandika haya kwa sababu moja. Mwandishi huyu ameeleza uzazi wa farasi hatua kwa hatua, na wa kwake mwenyewe hakuugusa hata kwa sentensi.

Fundi_Ndege_Kisumu
Mimi nachukua safari yake ya ndege ya Septemba 1936, Abingdon Uingereza hadi Nova Scotia, zaidi ya saa 20 hewani peke yake, bila redio. Ndege Vega Gull, injini Gipsy Six ya nguvu farasi 200. Matangi ya ziada yalikuwa hayana geji: unaacha moja likauke, injini inazima, unafungua koki ya linalofuata gizani.

Watu husema kabureta iliganda. Tutenganishe. Barafu ya kabureta hutokea koo la kabureta linapopoza hewa yenye unyevu, hata nje kukiwa na nyuzi 20. Dawa yake ni kuingiza hewa ya moto. Anachoeleza yeye ni barafu kwenye kitundu cha kupumulia cha tangi la mwisho. Petroli ikitoka lazima hewa iingie kuziba nafasi. Kitundu kikiziba, tangi linajivuta, mtiririko unapungua, injini inakohoa, inashika, inakohoa tena. Hewa ya moto haisaidii hapo. Kufungua na kufunga koki, kama alivyofanya hadi vidole vikatoka damu, kunaweza kurudisha mtiririko kwa muda, basi. Dalili na chanzo vinaoana. Alitua kwenye kinamasi, pua ikazama.

Msomaji_Njoro
Fundi, kwa hiyo kwako kitabu ni cha nani? Maana yapo madai kwamba Schumacher ndiye aliyekiandika.

Fundi_Ndege_Kisumu
Maarifa ya koki na matangi ni ya aliyekaa kwenye kiti kile. Lugha siwezi kuiapia.

Karani_wa_Nyaraka
Hapo tusikimbie. Kitabu chenyewe kinamshukuru Schumacher kwa kumtia moyo na kusaidia matayarisho. Mwandishi Scott O'Dell, aliyewafahamu, alidai Schumacher ndiye mwandishi. Mary Lovell, mwandishi wa wasifu wake aliyemhoji Nairobi 1986, anashikilia kwamba sura kadhaa zilikuwa zimeshafika kwa mchapishaji kabla Beryl na Schumacher hawajakutana. Errol Trzebinski, katika wasifu wake wa 1993, anaelemea upande wa Schumacher. Someni wote wawili, Lovell kwanza kwa sababu ana tarehe nyingi zaidi. Maoni yangu: mambo ni ya Beryl, mkono wa mumewe umepita juu ya sentensi nyingi.

Na barua ya mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway inayosambazwa, isomeni nzima. Anakisifu kitabu kupita kiasi, na katika barua hiyo hiyo anamtusi mwandishi. Iliyotumiwa kukitangaza iliondolewa tusi.

Akinyi_Milimani
Na fedha alizokuwa akiletewa kutoka Uingereza, zilitoka kwa nani?

Karani_wa_Nyaraka
Uhusiano na mwanamfalme Henry, Duke wa Gloucester, ulianza 1928. Baadaye akawekewa posho ya pauni 500 kwa mwaka, ikalipwa maisha yake yote. Kwa 1930 hizo zilikuwa fedha za maana. Kufikia miaka ya 1980, kwa kupanda kwa bei, zilikuwa hazimtoshi, ndiyo maana kuchapishwa upya kwa kitabu kulimwokoa. Gervase hakukua Kenya. Alilelewa Uingereza na jamaa wa baba yake, akafa kwa ajali ya gari Ufaransa 1971, miaka 15 kabla ya mama.

Mkifungua nakala zenu, ukurasa wa mbele wa kutabaruku kitabu unamtaja baba yake tu. Kwenye safu ya kulia ya daftari, mkabala na ukurasa huo, andikeni: 1942, Gervase ana miaka 13.